Mlango wa Hasara

Siku walipolichukua neno, mimi nilikuwa nashona mto.

Nilikuwa kibarazani, sufi imenijaa kwenye nyusi na nywele, mama amelala nyuma yangu juu ya mkeka akinielekeza kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inamtii. "Usijaze sana pembe. Kichwa cha mtu si gunia." Kiharusi kilimkuta mwaka wa mvua nyingi, kikamwachia upande mmoja wa mwili na kuondoka na mwingine. Lakini ulimi wake, hata ulipokuwa mzito, haukuacha kuamrisha. Ndipo tukasikia mbiu ikija mtaa kwa mtaa.

Mpiga mbiu alisimama mbele ya nyumba yetu. Alikuwa mtu mrefu, na jua lilikuwa kali, lakini chini ya miguu yake sikuona kivuli. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei:

"Sikilizeni, watu wa Mji. Maneno yamekuwa mengi na maana zimekuwa chache. Kuanzia sasa tija ni faida. Manufaa ni faida. Pato ni faida, chumo ni faida, natija ni faida, nafuu ni faida, heri ni faida, baraka ni faida. Neno ni moja. Atakayetumia jingine atakuwa ameuibia Mji. Na kila mtu ajiandae kuulizwa faida yake."

Watu walicheka. Jirani yetu Bi Mashavu, muuza mbaazi, alipaza sauti kutoka jikoni kwake: "Kwa hiyo haraka haraka haina faida! Na mgonjwa tukimjulia hali tumwambie nini? Umepata faida, bwana?" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mume wake, Mzee Shekuwe, aliyepofuka zamani, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbaazi kwa vidole, naye akacheka mpaka akazimwaga.

Mama yangu hakucheka. Alisema, "Faida, ingia ndani."

Ndilo jina langu. Baba alikuwa mchuuzi wa vyombo vya udongo, na siku niliyozaliwa shehena yake yote ilikuwa imevunjika njiani. Mkunga alipomwuliza mtoto aitwe nani, akasema, "Mwite Faida." Wengine walidhani anafanya mzaha, wengine walidhani akili imemruka. Mama anasema alikuwa timamu kabisa. Nimelivaa jina hilo kama mtu anavyovaa ngozi yake, bila kulifikiria. Sokoni mtu akipiga kelele "faida iko wapi?" niligeuka. Hata siku hiyo mbiu ilipotoka mdomoni mwa yule mtu, niligeuka kwanza, kisha ndipo nikaogopa.

Nilimvuta mama ndani na mkeka wake, nikajilaza naye, tukasikiliza vicheko vikipungua huko nje, na mimi nikaanza kuyapitisha maneno yale kichwani moja moja, kama mtu anayeaga wageni mlangoni. Pato ni kile kinachoingia mkononi, na mkono unaweza kuwa wa mwizi. Chumo lina jua na jasho ndani yake, mtu hachumi kwa kulala. Tija ni pale jembe lilelile na shamba lilelile vinapotoa zaidi kwa sababu mtu ametumia akili. Manufaa hayana mwenyewe; kisima kina manufaa kwa aliyekichimba na kwa mpita njia asiyemjua. Nafuu ni ya mgonjwa, ni ile asubuhi anapoomba uji mwenyewe. Baraka haishikiki, ni chakula kidogo kilichotosha watu wengi na hakuna anayejua kwa nini. Na faida? Faida ni kinachobaki ukishatoa ulichotumia. Ni neno la kutoa. Huwezi kulifikia bila kwanza kujua umetumia nini. Sasa walikuwa wamelichukua neno hilo la kutoa na kulimezesha yote mengine, na mimi niliwaza: mtu akitolewa alichokula, alichovaa, alichouguzwa, na machozi aliyoliliwa, hubaki nini? Na nani anashika mizani?

"Unawaza kwa sauti," alisema mama. "Acha. Kuta nazo zimeajiriwa."

Kwanza ilibadilika saa. Katikati ya Mji wetu uko mnara, na juu yake saa kubwa. Baada ya mbiu, ile saa iliacha kufuata jua. Mtu akipata faida, mshale unasogea mbele. Faida isipopatikana, unasimama. Jua nalo, sijui kwa woga au kwa amri, likaanza kuifuata saa. Kuna asubuhi moja ilikaa mpaka maziwa yakaganda na watoto wakalala na kuamka mara mbili, na ilikuwa bado asubuhi. Watu wakawa wanatazama mnara kama wakulima wanavyotazama mawingu. Wakawa wanatazamana hivyohivyo.

Kisha maneno yalipokwisha kutoka, yale mambo yenyewe yakaanza kuyafuata. Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili, nikafika mlangoni, nikakosa la kusema. Ulimi ulilitafuta neno "nafuu" ukakuta pengo, kama unavyokuta pengo la jino. Nikasimama pale nimeshika bakuli la uji. Mwishoni nikageuka nikarudi nalo nyumbani. Siku za mbele sikwenda tena, wala wengine hawakwenda. Mito yangu nayo haikununuliwa. Mteja wangu wa zamani alinieleza kwa upole: "Kulala vizuri ni kitu kizuri, dada Faida. Lakini faida yake nitaionyesha wapi?"

Halafu wakaanza kuita watu.

Bi Mashavu aliitwa mapema. Aliondoka amemshika mkono Mzee Shekuwe, wakitembea polepole, yeye akimwambia "shimo hapa, jiwe hapa" kama siku zote. Aliporudi alikuwa peke yake, na amevaa viatu vipya. Hakupika mbaazi siku ile. Nilimfuata uani.

"Bi Mashavu, Mzee yuko wapi?"

Alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kutakata. Hakuinua macho. "Hawapigi," alisema. "Ulidhani wanapiga? Hawapigi. Wanakuuliza vizuri. Wanakupa kiti, wanakupa maji, wanakuuliza vizuri tu mpaka unajibu."

"Wakamfanya nini?"

"Kuna mlango kwa nyuma. Wanauita Mlango wa Hasara." Akaigeuza sufuria, akaanza tena kuiosha. "Alinyoosha mkono. Alidhani nitaushika, kama siku zote."

Tangu hapo nilijua tutaitwa. Nilikuwa nikisikia hatua yoyote mtaani nashika mlango. Nilikonda. Mama naye alinitazama nikikonda, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alikuwa na wakati wa kuamua jambo lake peke yake bila kuniambia.

Askari walikuja mchana mweupe, wawili, na heshima nyingi. "Hodi hapa. Ndiye Faida?"

"Ndimi."

"Una mawili ya kujibu, dada. Jina unalolitumia ni mali ya Mji, sharti uthibitishe kuwa unalistahili. Na ndani una mtu ambaye haonekani kazini wala sokoni."

"Ni mama yangu. Ni mgonjwa."

"Pole sana. Mlete."

Nilimbeba mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na wepesi ule uliniuma. Njiani, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu, aliniambia maneno aliyokuwa ameyatayarisha.

"Sikiliza. Wakikuuliza, waambie sina. Usibishane nao."

"Mama, nyamaza."

"Mimi nimekula chumvi nyingi, Faida. Wewe una siku mbele yako. Unanilisha, unaniogesha, unanigeuza usiku kucha, unaniwekea mto huku na huku. Hesabu yao ni ya kweli. Mimi nimekuwa shimo unalotupia maisha yako."

"Nimesema nyamaza!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia mama sauti. Wale askari waligeuka, kisha wakaendelea na safari kama watu waliokwisha kuyasikia hayo mara nyingi.

Nyumba ya Mizani, walikotupeleka, ilikuwa nyeupe, baridi ndani, haina pembe. Katikati palikuwa na mizani kubwa ya shaba yenye sahani mbili, kila moja ikitosha kukaa mtu. Ukutani saa nyingine, mtoto wa ile ya mnarani. Kwa nyuma mlango mdogo wa mbao, usio na kitasa upande wetu. Na mbele ya meza tupu alikaa Mpimaji.

Uso wake haukukaa. Nilipomwamkia ulikuwa wa mwalimu wangu wa kwanza. Alipokohoa ukawa wa yule mteja wa mito. Alikuwa na sauti moja tu, laini, ya mtu anayekutakia mema.

"Karibu, dada. Mkalishe mzazi pale kwenye sahani. Polepole. Wewe chukua kiti. Maji?"

"Sitaki maji."

"Sawa." Akasubiri. "Mzazi huyu ana faida gani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Alinizaa."

"Hilo limekwisha kulipwa. Wewe upo."

"Alinilea peke yake baba alipokufa. Alinifundisha kushona."

"Hayo ni ya jana, nayo yamekwisha kuliwa. Nauliza ya leo."

"Ananielekeza kazi."

"Kazi yako hainunuliwi." Hakusema kwa kejeli. Ilionekana anasikitika. "Jaribu tena. Tuna wakati. Unaona, saa imesimama kukusubiri."

Nilitafuta. Nilitaka kumwambia kwamba nikirudi nyumbani na mama yumo, ile ni nyumba, na nikirudi asiwemo, ni kuta. Lakini neno lake lilikuwa wapi? Niliyajaribu yote yaliyochukuliwa, moja moja, na kila moja lilifika kwenye meno likayeyuka. Mdomo ulikuwa umejaa vumbi. Nilielewa wakati huo namna Bi Mashavu alivyofikishwa pale alipofika. Swali likiulizwa kwa neno moja tu, jibu limekwisha kuamuliwa kabla hujafungua kinywa. Ni kama mtu akuulize bahari ina urefu wa kilo ngapi, halafu akakuhukumu kwa kunyamaza.

"Basi nikusaidie," alisema Mpimaji, na uso wake sasa ulikuwa wa baba yangu, na hilo lilikuwa tendo la ukatili kupita yote aliyofanya. "Sema tu kwamba hana. Neno dogo. Yeye atapita mlango ule, wewe utabaki na jina lako, utapewa na nyumba karibu na mnara. Usiposema, nitakuhesabu pamoja naye. Mtu anayeshikilia hasara ni hasara."

Hapo mama aliongea. Alikuwa amekaa kwenye sahani kiubavu, kichwa kimemlalia bega, lakini sauti yake ilijaza chumba.

"Wewe bwana, usimsumbue mwanangu. Niulize mimi."

Mpimaji aligeuka. Nadhani hakuwa amezoea kusemeshwa kutoka kwenye sahani. "Haya, bibi. Una faida gani?"

"Sina. Sina hata chembe. Nihesabu hasara, mfungulie huyu mlango wa mbele arudi zake."

"Mama!"

"Nyamaza sasa wewe. Ni zamu yangu."

Sahani yake ilianza kushuka. Niliona mshale wa mizani ukienda upande wa hasara, na kwa nyuma nikasikia ule mlango wa mbao ukilegea. Sikufikiri. Nilisimama nikaenda nikakaa kwenye sahani ya pili, mkabala naye.

"Mimi ndimi hasara," nilisema. "Lichukueni jina. Silistahili. Mito yangu hainunuliwi, nimekula chakula cha Mji bure, nimepoteza siku zangu zote kumgeuza mtu mmoja ubavu huu na ubavu huu, na kesho nitazipoteza tena. Mwenye hasara ni mimi. Yeye alikuwa amelala tu."

"Muongo huyo!" alifoka mama. "Mimi ndimi niliyemlia siku zake."

"Nilimpa mwenyewe."

"Hukunipa, nilikunyang'anya kwa kuugua."

"Mama, shuka hapo!"

"Shuka wewe!"

Mizani ikapagawa. Alipojitaja yeye, upande wake ulishuka. Nilipojitaja mimi, ukashuka wangu. Ilipanda na kushuka kwa kishindo, shaba ikilia, na sisi tumeshikilia minyororo, tunapigiana kelele kama wanawake wanaogombea zamu kisimani, ila sisi tuligombea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukigombea katika chumba kile. Mpimaji alisimama. Uso wake ulikuwa unapita haraka sana, watu na watu na watu, hata nikaona Mzee Shekuwe akipita, na mwisho ukasimama kwenye uso wangu mwenyewe. Nilijiona nikiogopa.

"Acheni," alisema. Ile sauti laini ilikuwa imeondoka. "Hamtakiwi kufanya hivi. Anayekuja hapa huja kuokoa chake."

"Ndicho tunachofanya," alisema mama.

Akatutazama, akaitazama mizani, akaitazama saa. Mshale wa saa ulikuwa unarudi nyuma. Nje ya dirisha jua lilirudi nalo, mchana ukawa asubuhi, asubuhi ikawa alfajiri, kisha mchana wa siku nyingine ya zamani, na nilisikia jina langu likinitoka. Halikutoka kwa maumivu. Lilitoka kama pumzi. Nililitafuta na sikulipata tena. Mpaka leo ninaposimulia nimeliandika kwa kuambiwa na wengine kwamba ndivyo nilivyokuwa nikiitwa.

"Tokeni," alisema Mpimaji kwa uso wangu. "Wote wawili. Tokeni kabla wengine hawajasikia."

Lakini walikuwa wamesikia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na huko kulikuwa na foleni ya watu na wazee wao, watoto wao wasiotembea, wake zao waliochoka. Kijana mmoja wa kiume aliyekuja na dada yake mwenye kifafa alikuwa amemshika mkono, na nilimwona akiubadili ule mshiko, vidole vikaingia katikati ya vidole. Askari naye aliona. Akapiga kelele wafunge mlango, ukafungwa, na sikujua kilichotokea huko.

Nilimtoa mama kwenye sahani, nikamfunga mgongoni, nikausukuma mlango wa mbao kwa bega.

Nilikuwa nimetarajia shimo. Nilitarajia moto, au ukuta, au kutokuwapo kabisa. Kwa muda kulikuwa na giza na njia nyembamba, na nikatembea nikiwa nashika ukuta. Katika giza lile sikuwa na jina, na saa ilikuwa bado inarudi nyuma, na ikafika mahali sikujua tena ni nani amembeba nani. Nilihisi mgongo mpana chini ya shavu langu, harufu ya sufi na jasho, kanga imenibana, mtu ananiimbia bila maneno. Nilihisi pia uzito mgongoni pangu. Nilikuwa mtoto na nilikuwa mama, mimi ndimi niliyekuwa nachoka na mimi ndimi niliyekuwa nasinzia. Nani alikuwa amemtumia nani? Ungetoa nini, na kwa nani, ubaki na nini? Hapakuwa na pa kukata. Niliogopa kwamba tukitoka giza lile ningekuta niko peke yangu, nimebeba kanga tupu.

Kisha palikuwa na mwanga. Uwanja mpana, vumbi, upepo. Mbali kidogo moshi wa moto wa kupikia, na watu. Watu wengi. Wazee, vilema, wendawazimu, wanaonyonyesha, mmoja anamkata mwenzake nywele. Hapakuwa na mnara. Mtu mmoja kipofu alikuwa amekaa chini akichambua kitu kwenye ungo, na aliposikia nyayo zangu alinyanyua uso.

"Nani huyo?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumjibu na sikuwa na jina la kumpa. Kanga ilikuwa imenikata mabega, jasho linaniingia machoni, na nilikuwa bado sijathubutu kugeuza shingo nione kama yupo.

Ndipo nikasikia mdomo wa mama karibu na sikio langu, nusu ukitii, nusu ukikataa.

"Nishushe," alisema. "Mgongo utakuuma."